Spoketi ya mbele na mkazo wa cheni: mwongozo kwa pikipiki za mizigo njia ya Kasese na Bwera

KASESE, Uganda – Gunia la kahawa linaloshuka kutoka milima ya Kyarumba au Kyondo, wilayani Kasese, mara nyingi huanza safari yake ya kwenda sokoni likiwa juu ya pikipiki. Lori hulipokea baadaye, barabara kuu. Hali ni hiyo hiyo kwa bidhaa zinazoelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe: chumvi ya Katwe, samaki, saruji ya Hima, sabuni na vitenge. Reli iliyofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe haileti tena mzigo mjini humo, na kipande cha mwisho cha safari kimebaki mikononi mwa waendesha bodaboda.

Katika pikipiki hizo kuna kipuri kimoja kidogo, chenye ukubwa usiozidi kiganja, ambacho wengi hawakioni mpaka siku kinapoharibu kazi. Ni spoketi ya mbele, yaani gurudumu dogo la meno lililofungwa kwenye shafti inayotoka kwenye giaboksi, nyuma ya kava upande wa kushoto wa injini. Ndiyo inayovuta cheni, na cheni huzungusha spoketi kubwa ya gurudumu la nyuma. Ikiisha huila cheni. Cheni ikikazwa kupita kiasi, huila beringi ya shafti, na beringi hiyo kwa pikipiki nyingi ndogo haifikiki mpaka injini ishushwe na kupasuliwa. Tofauti kati ya hasara hizo mbili ni tofauti kati ya asubuhi moja kwa fundi na siku kadhaa bila kipato.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kupima, kubadilisha spoketi ya mbele na kurekebisha mkazo wa cheni kwa pikipiki za kawaida za biashara, kama vile Bajaj Boxer na TVS Star, ambazo ndizo zilizoenea katika eneo hilo.

KWA NINI YA MBELE HUISHA KWANZA

Chukua pikipiki yenye meno 14 mbele na meno 42 nyuma. Kila gurudumu la nyuma linapozunguka mara moja, spoketi ya mbele huzunguka mara tatu. Tairi la kawaida la rimu ya inchi 17 huzunguka takriban mara 550 kwa kila kilomita. Kutoka Kasese mjini hadi mpakani Mpondwe, kupitia Kikorongo, ni kati ya kilomita 50 na 60. Hivyo kwa safari moja ya kwenda tu, kila jino la nyuma hupokea cheni karibu mara 30,000, na kila jino la mbele karibu mara 90,000. Zaidi ya hapo, meno ya mbele yanayoishika cheni kwa wakati mmoja ni machache, hivyo kila moja hubeba sehemu kubwa zaidi ya mzigo.

Ndiyo maana si ajabu kuikuta spoketi ya nyuma ikiwa nzima huku ya mbele ikiwa imechongoka kama meno ya msumeno. Mmiliki anayekagua pikipiki yake kwa kutazama nyuma peke yake, kwa sababu ndiko kunakoonekana bila kufungua kava, anatazama sehemu inayochelewa kueleza ukweli.

KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

Dalili za awali ziko wazi kwa mwendeshaji anayeijua pikipiki yake. Mlio wa kugonga husikika mzigo unapokuwa mzito, hasa wakati wa kuondoka. Cheni huruka jino mlimani. Mkazo uliorekebishwa jana unalegea leo. Dalili hii ya mwisho ndiyo hupuuzwa zaidi, kwani kukaza upya ni kazi ya dakika chache na haigharimu kitu.

Cheni nyingi za pikipiki hizi ni za namba 428. Namba hiyo hugongwa kwenye pingili zenyewe, na maana yake ni kwamba umbali kati ya pini moja na nyingine ni milimita 12.7, yaani nusu inchi. Pini 21 zinazofuatana zina nafasi 20 kati yake, hivyo cheni mpya, ikivutwa inyooke, itasoma milimita 254 kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Ikifika milimita 259 imeongezeka kwa asilimia 2, na hapo wakati wake umekwisha. Futi ya kawaida ya fundi seremala inatosha kwa kipimo hiki. Pima sehemu tatu au nne tofauti, kwa kuwa cheni haichakai sawasawa.

Asiye na futi anaweza kutumia njia ya zamani: kuishika cheni nyuma kabisa ya spoketi kubwa na kuivuta kuelekea nyuma. Cheni nzima haitoki mahali pake. Ikiachia na kuonyesha nusu ya jino, imekwisha.

Kinachochakaa si chuma kuvutika kama raba, ingawa wengi husema cheni "imevutika". Pini na mikono inayozizunguka ndani ya pingili ndiyo inayolika, kidogo kidogo, na jumla yake ndiyo huonekana kama urefu. Jambo hili lina maana kubwa kibiashara. Cheni iliyolika ina nafasi ya milimita 12.9 au zaidi kati ya pini, wakati meno ya spoketi mpya yamekatwa kwa 12.7. Rola hazikai vizuri kwenye mabonde ya meno, hupanda juu na kuanza kuyachonga. Spoketi mpya chini ya cheni ya zamani inaweza kuharibika katika muda mfupi sana.

Vivyo hivyo kuhusu kukata pingili, utaratibu unaopendwa pale ajasta zinapofika mwisho. Pingili hukatwa mbili mbili, ya ndani na ya nje, yaani milimita 25.4 kwa mara moja. Cheni inakuwa fupi na inaonekana kama imepona. Lakini kila pingili iliyobaki bado ina ulikaji ule ule, na inaendelea kuyala meno kama ilivyokuwa ikifanya asubuhi. Mwendeshaji aliyekwama Kinyamaseke na mzigo wa watu anaweza kusamehewa kwa kukata ili afike. Anayefanya hivyo kama matengenezo ya kawaida anajinunulia spoketi mbili mpya.

Kanuni basi ni hii: kama cheni imepita 259, badilisha seti nzima, cheni na spoketi zote mbili. Kama cheni ingali chini ya kipimo na ya nyuma haijachongoka, spoketi ya mbele inaweza kubadilishwa peke yake, na kufanya hivyo mapema huongeza maisha ya vile viwili vilivyobaki. Wapo wanaoigeuza spoketi ya mbele, upande wa ndani ukawa nje, ili upande wa jino ambao haujalika ufanye kazi. Kwa spoketi zilizo bapa pande zote mbili hilo linawezekana na huokoa wiki chache. Kwa zile zenye kola upande mmoja haliwezekani kabisa, maana cheni itakaa nje ya mstari.

MENO 13, 14 AU 15?

Swali hili huulizwa sana na wanaobeba kahawa kutoka milimani. Jibu liko kwenye hesabu rahisi. Meno 42 ukigawa kwa 14 unapata 3.00. Ukigawa kwa 13 unapata 3.23. Nguvu inayofika kwenye tairi inaongezeka kwa karibu asilimia 8, na kwa mzunguko ule ule wa injini mwendo unapungua kwa asilimia 7. Pikipiki iliyokuwa ikienda kilomita 60 kwa saa itakwenda karibu 56, injini ikilia vile vile. Kwenda meno 15 ni kinyume chake: 2.80, mwendo zaidi, nguvu kidogo.

Kutoka Kasese kwenda Kikorongo barabara hupita bondeni, tambarare, mpaka karibu na mstari wa Ikweta. Anayefanya njia hiyo na abiria mmoja hana sababu ya kupunguza jino. Ataongeza kelele na mafuta bila faida. Anayepanda Kyondo, Ihandiro au Karambi kila siku na kushuka na magunia ana sababu. Gunia la kahawa la kilo 60 yakiwa mawili, na mwendeshaji wa kilo 70, tayari ni kilo 190, uzito ambao kwa pikipiki nyingi ndogo umepita kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Jino moja pungufu halihalalishi mzigo huo. Linapunguza tu mateso ya klachi wakati wa kuondoka mlimani.

Gharama iliyofichika ni kwamba spoketi ndogo huikunja cheni zaidi na kuivuta kwa nguvu zaidi, kwa kiasi kile kile cha karibu asilimia 8. Cheni itaisha mapema kidogo. Kipimo cha mwendo kwenye dashibodi hakitadanganya endapo waya wake unatoka gurudumu la mbele, kama ilivyo kwa pikipiki nyingi za aina hii. Na ekseli ya nyuma itahitaji kurudi nyuma kama milimita 3 tu, hivyo cheni ile ile hutosha.

KAZI YENYEWE

Vifaa vinavyohitajika ni spana za kawaida, plaizi, nyundo, brashi, mafuta ya taa na kitambaa. Pikipiki isimame kwenye stendi ya katikati, mahali pagumu, injini ikiwa imepoa na imezimwa. Hili la kuzima si la kupuuzwa. Kuzungusha gurudumu kwa injini huku ukipaka oili kwa kitambaa ni njia ya haraka ya kupoteza vidole.

Kwanza fungua pedeli ya gia, baada ya kuiwekea alama ya rangi au mkwaruzo ili irudi pembe ile ile. Kisha fungua kava la spoketi. Ndani kutakuwa na donge la matope na grisi ya zamani. Likwangue lote, kwa sababu bila hivyo huwezi kuona kama oili sili ya shafti inavuja. Sili inayolowanisha ibadilishwe siku hiyo hiyo, kwa vile kazi ya kuifikia tayari imefanyika.

Hatua inayofuata ndiyo inayokosewa. Boliti za spoketi zilegezwe cheni ikiwa bado imefungwa, gia ya kwanza ikiwa imeingizwa na breki ya nyuma imekanyagwa. Ukilegeza ekseli na kutoa cheni kwanza, utabaki na shafti inayozunguka na boliti isiyofunguka, na hapo ndipo bisibisi huchomekwa kwenye meno na kuvunja kitu. Kwenye pikipiki nyingi ndogo spoketi hushikwa na bati dogo lenye boliti mbili za spana namba 10. Nyingine zina nati moja kubwa yenye washa iliyokunjwa ukingo; kunjua ukingo huo kabla ya kugusa nati.

Sasa toa kotapini kwenye ekseli ya nyuma, ile pini ya waya iliyokunjwa ncha. Legeza nati ya ekseli, nati ya mkono unaoshikilia sahani ya breki, na nati ya ufito wa breki. Rudisha ajasta zote mbili na usukume gurudumu mbele. Kama cheni ina loki, ifungue kwa plaizi. Kama haina, iteremshe kutoka spoketi kubwa. Ondoa bati, kisha vuta spoketi itoke kwenye michirizi ya shafti.

Usitupe ya zamani. Iweke juu ya mpya na uhesabu meno, kisha utazame tundu la katikati na unene. Spoketi za aina tofauti hufanana mno zikiwa kwenye mfuko wa plastiki dukani, na ni afadhali kosa ligunduliwe kabla ya boliti kukazwa. Tazama pia michirizi ya shafti. Ikiwa imelika kiasi kwamba spoketi mpya inacheza mbele na nyuma, jambo hilo limeanza kuwa la injini, na mwenye pikipiki anapaswa kuambiwa mapema.

Paka grisi kidogo kwenye michirizi, ingiza spoketi ikitazama upande ule ule wa ile ya zamani, weka bati na ulizungushe mpaka matundu yalingane, kisha funga boliti. Boliti hizo ni ndogo. Zinahitaji mkono wa kawaida, si bomba la kuongezea spana. Nyuzi zikikatika, spoketi itabaki ikishikiliwa na boliti moja, na itatoka njiani.

Rudisha cheni. Loki ya cheni iwe mpya kila inapofunguliwa, na klipu yake iwe na upande uliofungwa ukitazama kule cheni inakoelekea. Ikiwekwa kinyume, jiwe au kijiti kinaweza kuing'oa. Cheni inayokatika kwa mwendo inaweza kujikunja kwenye spoketi ya mbele na kupasua ubavu wa injini, au kulifunga gurudumu la nyuma na kumtupa chini mwendeshaji pamoja na mzigo.

MKAZO WA CHENI

Watengenezaji wengi wa pikipiki hizi hutaka uchezaji wa milimita 20 hadi 30, baadhi hufika 35 au zaidi. Tarakimu sahihi huandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na wakati mwingine kwenye kibandiko karibu na cheni. Uchezaji hupimwa katikati ya upande wa chini wa cheni: isukume juu kabisa, ivute chini kabisa, na umbali wote kati ya hapo ndio unaohesabiwa.

Kabla ya kupima, zungusha gurudumu polepole na utafute mahali cheni inapobana zaidi. Kila cheni iliyofanya kazi ina mahali hapo. Rekebisha ukiwa hapo, kwani ukirekebisha kwenye sehemu iliyolegea, ile ya kubana itakuwa kama waya wa gitaa.

Ajasta zizungushwe kwa kiasi sawa kulia na kushoto, robo mzunguko kwa mara moja, ukitazama mistari iliyochorwa pande zote mbili. Mistari hiyo si ya kuaminiwa sana kwa pikipiki iliyowahi kuanguka. Chukua kamba, pima kutoka katikati ya boliti ambayo mkono wa gurudumu unajizungushia hadi katikati ya ekseli, kisha linganisha na upande wa pili. Gurudumu lililopinda huilazimisha cheni kutembea ubavuni mwa meno, na meno huonekana yamenyooka lakini yamekuwa membamba kama wembe.

Wakati wa kukaza nati ya ekseli, weka kitambaa kilichokunjwa kati ya cheni na spoketi kubwa kisha uzungushe gurudumu kinyumenyume mpaka likwame. Ekseli itavutwa mbele na kukaa imara kwenye ajasta zake. Kaza, toa kitambaa, pima tena. Mara nyingi kipimo huwa kimebadilika kidogo, na anayeishia kwenye kipimo cha kwanza hatalijua hilo.

Kotapini mpya iwekwe. Nati ya mkono wa breki ikazwe. Breki ya nyuma irekebishwe, kwa sababu ekseli iliyorudi nyuma huuvuta ufito na breki inaweza kuwa inakamata muda wote. Breki inayokamata hula mafuta na huchemsha habu, na mwendeshaji hulaumu injini.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo vitabu vya pikipiki hulitaja kwa kifupi na ambalo kwa njia ya Bwera ni la kwanza. Cheni hukaza kadiri mzigo unavyoongezeka. Pikipiki ikiwa tupu, mkono wa gurudumu umeinama. Mzigo ukipanda, shoki hubonyea, na ekseli, boliti ya mkono na spoketi ya mbele hukaribia kuwa mstari mmoja. Hapo umbali kati ya spoketi mbili ndio mrefu kuliko wote. Cheni iliyoonekana sawa kwa milimita 20 kituoni inaweza kukosa uchezaji kabisa ikiwa na magunia mawili, na kila shimo la barabara huwa ni pigo kwenye beringi ya shafti.

Kwa hiyo pikipiki ya mizigo ipimwe na mzigo. Ifungwe magunia, au wakae watu wawili wazito, kisha cheni ishikwe. Ni lazima iendelee kucheza. Kama haichezi, ilegezwe, hata kama kipimo kikiwa tupu kinakaribia ukingo wa juu wa kile kilichoandikwa kitabuni. Kati ya makosa mawili, cheni iliyolegea kidogo ina kelele na huonekana. Iliyokazwa mno hukaa kimya mpaka beringi iseme.

CHUMVI, SARUJI NA MATOPE

Watengenezaji wengi hushauri cheni ikaguliwe kila kilomita 500 hadi 1,000. Anayekwenda na kurudi Kasese na Bwera kila siku hukamilisha 500 kwa siku tano. Lakini mzigo nao una kauli yake.

Chumvi ya Katwe ndiyo adui mkubwa. Magunia yake hutoa maji ya chumvi, na maji hayo hudondokea moja kwa moja kwenye cheni. Usiku mmoja unatosha kwa pingili kukamata kutu na kukataa kukunjika. Pikipiki iliyobeba chumvi ioshwe cheni kwa maji safi siku hiyo hiyo, ikaushwe na kupakwa oili kabla ya kulala. Vumbi la saruji hufanya kazi tofauti: huchanganyika na oili na kuwa kama dawa ya kusugulia sufuria. Hapo maji peke yake hayasaidii; tumia brashi na mafuta ya taa, kisha kitambaa. Petroli isitumike kwa kazi hiyo, kwa hatari ya moto na kwa kuwa hukausha chuma mno.

Oili nzuri kwa cheni za wazi ni oili ya gia, namba 90, ipakwe upande wa ndani wa cheni baada ya safari, chuma kikiwa na joto, ili iwe na usiku mzima wa kupenya. Oili chafu iliyomwagwa kutoka injini, ambayo hupatikana bure kila gereji, ni bora kuliko cheni kavu, lakini huruka na kubeba mchanga. Baadhi ya pikipiki huja na kava linalofunika cheni nzima. Wapo wanaolitoa kwa sababu linapiga kelele au linachelewesha kazi ya fundi. Misimu ya mvua ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, barabara za milimani zikiwa matope, kava hilo hulipa gharama yake.

NANI ANUNUE?

Katika mapatano ya kawaida, mwenye pikipiki hupokea hesabu ya siku au ya wiki, mwendeshaji hubaki na ziada. Mara nyingi mwendeshaji hugharamia mafuta na oili, na mwenye mali hugharamia vipuri vikubwa. Spoketi ya mbele huanguka katikati. Mwendeshaji haoni faida ya kuinunua kwa sababu kitakachoharibika baadaye, yaani cheni, spoketi ya nyuma na beringi, si cha mfuko wake. Mwenye pikipiki naye haioni, kwa kuwa iko nyuma ya kava na yeye yuko mjini. Matokeo yake hakuna anayeinunua mpaka siku ya soko, pikipiki inapokwama na mzigo wa mtu wa tatu.

Dawa yake ni mapatano, na gharama yake ni ndogo. Pande mbili zikubaliane kipimo, yaani zile milimita 259 kwa pini 21, na siku ya kupima, mathalani kila Jumapili au kila mwisho wa mwezi. Kipimo kikifika, mwenye mali ananunua seti. Mwendeshaji anawajibika kwa oili na mkazo. Wengine humwachia mwendeshaji spoketi ya mbele na loki peke yake, kisha kumpunguzia hesabu ya siku moja seti inapodumu kuliko iliyotangulia. Utaratibu huo humfanya anayeiona cheni kila siku awe na sababu ya kuitunza.

Katika kununua, bei ya rafu si gharama. Seti inayogharimu mara mbili lakini ikatembea kilomita mara tatu ni ya bei nafuu, na hiyo ni kabla ya kuhesabu siku zilizopotea kwa fundi. Tatizo ni kwamba bidhaa za kuiga hufungwa kwenye maboksi yanayofanana na halisi. Sumaku haitasaidia, zote ni chuma. Kinachosaidia ni kuandika tarehe na usomaji wa kilomita siku ya kufunga, pamoja na jina la duka. Mwenye pikipiki tatu au nne, baada ya seti mbili kwa kila moja, atakuwa na takwimu zake mwenyewe ambazo hakuna muuza duka anayeweza kuzipinga.

NG'AMBO YA MPAKA

Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na baada ya Uganda na Kongo kuzindua mwaka 2021 kazi ya barabara ya Kasindi hadi Beni, yenye urefu wa kilomita 80, safari za kuvuka Mto Lubiriha zimekuwa sehemu ya mipango ya wasafirishaji wengi. Anayevuka na pikipiki ajue mambo machache ya vipuri.

Upande wa Kasindi mafundi wengi hutumia majina yenye asili ya Kifaransa. Spoketi ya mbele huitwa pinyo na ya nyuma kuroni. Kuomba "spoketi" huenda kukaleta maswali. Kuonyesha ile ya zamani kunaeleweka kwa lugha zote, na ndiyo sababu nyingine ya kutoitupa. Namba ya cheni, 428, haibadiliki mpakani. Mwenye kuvuka na seti kadhaa za kuuza abebe risiti na azitangaze kwa maofisa wa forodha wa pande zote mbili, kwani vipuri vipya vilivyofungwa kwenye boksi havionekani kama vya matumizi ya njiani.

Kwa matumizi ya njiani, vinavyotosha chini ya kiti ni loki mbili za namba 428 na klipu zake, kotapini mbili, pingili chache za cheni ile ile, plaizi, spana ya ekseli na ya namba 10. Spoketi ya mbele ya akiba ina uzito mdogo kuliko chupa ya maji. Baada ya kufunga seti mpya, mkazo upimwe tena mwisho wa safari ya kwanza ya kwenda na kurudi, maana cheni mpya hukaa na kulegea kidogo katika kilomita za mwanzo. Kisha upimwe mwisho wa wiki, pikipiki ikiwa na mzigo.